Kimya cha nani? Uchambuzi wa kisa cha mama na mwanawe, wote wawili wenye usonji

Kabla ya kuanza

Familia hii nilifanya nayo kazi kwa miezi 11, nikiwa mshauri wa familia katika huduma ya watoto. Mama amesoma maelezo haya, ameyasahihisha mara mbili, na ameruhusu yatumike kufundishia. Umri, kazi na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyabadilisha ili wasitambulike. Nilitaka kuwapa majina ya kubuni, akakataa. Jina la uongo, aliniandikia, lingemkera kila akilifikia. Kwa hiyo humu wataitwa mama, mtoto, baba na bibi.

Msomaji ajue pia kwamba sehemu kubwa ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu.

Usuli

Mtoto ni wa kiume. Tulipokutana alikuwa na miaka 6, na utambuzi wa usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisi) alikuwa ameupata akiwa na miaka 4. Maneno yake mwenyewe yalikuwa ya kuhesabu, lakini alikuwa na akiba ya sentensi nzima nzima alizozidaka kwa watu na kwenye video, akazirudia kama kasuku, kwa lafudhi ileile na hata kikohozi cha msemaji. Alipenda vifuniko vya kila aina, akavizungusha sakafuni na kuvitegea sikio vikitulia. Na alivuma. Sauti moja nzito ya kooni, "mmmm", ingeweza kuendelea dakika 40 bila kukatika isipokuwa pale alipovuta pumzi.

Mama alikuwa na miaka 38, mkaguzi wa hesabu anayefanyia kazi nyumbani. Miaka miwili nyuma, akijaza fomu za historia ya ukuaji wa mwanawe, alikuta maswali kuhusu lebo za nguo, kupanga vitu, kuchukia ratiba inapobadilika. Alifika ukurasa wa tatu akagundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akijieleza yeye, na majibu yote ilibidi ayafute. Mwaka mmoja na nusu baadaye naye akapata utambuzi.

Hilo lisimshangaze mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia rekodi za watu zaidi ya milioni 2 katika nchi 5, ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti za uwezekano wa kuwa na usonji hutokana na urithi. Pamoja na hayo, fomu tuliyokuwa tukimpa kila mzazi haikuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza kama mzazi mwenyewe ana usonji, wala angependa kuongea nasi kwa njia gani.

Baba ni mtu wa safari za kikazi, nyumbani huwa kama siku 10 kwa mwezi. Bibi mzaa mama anaishi karibu na hupita mara kwa mara.

Jioni iliyowaleta kwetu

Jioni moja mama alijifungia bafuni, akazima taa, na sauti ikamkauka. Sisemi kwa mafumbo. Kwa muda wa saa mbili hakuweza kutamka neno, ingawa alisikia na kuelewa kila kitu. Mtoto alikuwa nje, akigonga mlango kwa paji la uso. Bibi aliwakuta katika hali hiyo, uvimbe umeshaota kwenye kipaji cha mjukuu. "Mama gani wewe?" alisema. Mama alikuwa na jibu zima kichwani. Halikutoka.

Siku chache baadaye shule nayo ikaandika kwamba mama "hana uchangamfu" anapomchukua mtoto. Wakaletwa kwetu.

Katika kikao cha kwanza nilikaa nao dakika 50, chini ya taa za mirija zilizokuwa zikivuma (mimi sikuzisikia, mama alizisikia tangu mlangoni), nikiuliza maswali kwa kurukaruka kama kawaida yangu. Mama alijibu kwa ufupi, macho ukutani, uso haubadiliki. Muda karibu wote mtoto alikuwa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye miguu ya mama, akivuma. Nililiona hilo. Nilichoandika kwenye faili ni hiki: "Uso wa mama hauonyeshi hisia. Uhusiano wa mama na mtoto una mashaka."

Mpango wa kwanza

Tuliamua kumfundisha mama kucheza na mtoto. Vikao viwili kwa siku, dakika 30 kila kimoja: akae mbele ya mtoto, uso kwa uso, atumie sauti ya kupanda na kushuka, ashangilie kila mtoto anapomwangalia. Zaidi ya hapo, kikundi cha wazazi mara moja kwa wiki, tukiamini anahitaji watu wa kuongea nao.

Sababu zetu hazikuwa za kipuuzi. Kumfundisha mzazi namna ya kuitikia mawasiliano ya mtoto ni njia inayotumika sana, na kiini chake, yaani kumfuata mtoto anakoangalia na kulipa jina kile anachokifanya, naona bado kina mantiki. Kosa lilikuwa kwenye vazi tulilokivisha. Uchangamfu wa uso na sauti tuliuhesabu kuwa sehemu ya dawa, wakati kwa mama huyu kila dakika ya uso wa kuigiza ni kazi ya kubeba mzigo. Watu wengi wenye usonji hujifunza tangu utotoni kujibana hivyo mbele za watu. Wanachokitafuta nyumbani ni mahali pa kupumulia. Sisi tukamtuma aendelee kujibana mpaka sebuleni kwake.

Kwa wiki tano alifanya vikao vyote 70. Hakuruka hata kimoja. Jedwali la mahudhurio lilikuja limejazwa kwa mwandiko safi kiasi kwamba tulilionyesha kwa wenzetu kama mfano wa mzazi anayejituma.

Wiki ya sita hakuja. Simu hakupokea. Bibi ndiye aliyepiga: mama anakaa siku nzima chumbani, anaandika kwenye karatasi badala ya kuongea, na mtoto amerudia kujigonga kichwa, safari hii kila siku.

Safu ya nne

Mpango tukausimamisha. Nilimwandikia mama ujumbe mfupi nikamwambia hana haja ya kuja wala kupiga simu, aandike akipenda, saa yoyote. Siku mbili hakukuwa na kitu. Siku ya tatu, saa tisa usiku, ukaingia ujumbe: "Dada, nimeambatisha jedwali. Safu ya nne ndiyo yenye tatizo."

Lilikuwa jedwali la siku 19. Kila mlipuko wa mtoto, yaani pale anapozidiwa na kushindwa kujizuia, ulikuwa na mstari wake: saa ulipoanza, uliisha lini, nini kilitangulia, na katika safu ya nne, kiwango cha kelele nyumbani dakika 20 kabla, alichokipima kwa programu ya simu. Milipuko ilikuwa 31. Kati ya hiyo, 26 iliangukia kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku.

Hapa lazima nieleze imani aliyokuwa nayo. Mama huumizwa na kelele. Kijiko kikianguka anahisi kama amechomwa. Kwa kuwa yeye na mwanawe wote wana usonji, na kwa kuwa mtoto mara nyingi alionekana ameziba masikio, alihitimisha kwamba naye anaumizwa na kelele. Kwa hiyo jioni alimwandalia alichotamani mtu amwandalie yeye alipokuwa na miaka 6: taa hafifu, televisheni imezimwa, milango imefungwa, vifuniko vimefichwa juu ya kabati. Alimnunulia hedifoni nzuri za kuzuia sauti. Mtoto alizirusha. Mama akamvalisha tena.

Sasa safu ya nne. Katika milipuko 22 kati ya ile 26 ya jioni, nyumba ilikuwa kimya kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Mama alikuwa ameliona jambo hilo siku kumi nzima zilizopita, akadhani amekosea kupima, akapima upya. "Takwimu zinakataa dhana yangu," aliandika. "Sijui la kufanya nazo."

Niliupeleka waraka ule kwa mtaalamu wetu wa tiba kwa vitendo (anayesaidia watu kwenye shughuli za kila siku na mahitaji ya hisi), naye akamtathmini mtoto upya nyumbani kwao, jioni. Majibu yalikubaliana na safu ya nne. Mtoto huyu hakuwa akikimbia sauti. Alikuwa akiitafuta, pamoja na mtetemo na mgandamizo wa mwili. Kule kuvuma alikuwa akikusikia kifuani na kwenye taya. Alipoziba masikio alikuwa akiyaziba na kuyafungua ili sauti yake mwenyewe ibadilike, na ukimtazama kwa utulivu dakika mbili tu unaona mkono unavyopiga mdundo. Kimya cha jioni kilikuwa njaa kwake, na kadiri njaa ilivyozidi ndivyo alivyojitengenezea kelele, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo mama alivyozidisha kimya, hadi mmoja anaishia bafuni na mwingine analigonga bamba la mlango.

Vitabu vilikuwa vimeshatuonya. Tangu toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili (DSM-5), la mwaka 2013, hisi zinatajwa miongoni mwa vigezo vya usonji, na zinatajwa kwa pande zote mbili: kuhisi kupita kiasi na kuhisi pungufu, kukwepa na kutafuta. Mama alijua. Mimi nilijua. Hakuna aliyelileta hilo ndani ya nyumba ile moja.

"Gari limefika"

Nisije nikamfanya mama aonekane mtu wa kukosea tu, kuna upande ambao sisi wote tulikuwa vipofu na yeye peke yake akaona.

Katika ripoti za shule na za mtaalamu wa matamshi lilirudiwa jambo moja: mtoto husema "gari limefika" bila sababu, ndani ya darasa, bafuni, mezani. Lilikuwa limewekwa chini ya kichwa "maneno yasiyo na maana". Mama alipoisoma ripoti aliandika pembeni kwa penseli kwamba maneno hayo yana maana moja tu: imetosha, nataka kuondoka. Alikumbuka asili yake. Mtoto akiwa na miaka 3 walikaa kwenye chumba cha kusubiri kwa saa nyingi, mtoto akilia, mpaka baba alipotokea mlangoni akasema sentensi hiyo na mateso yakaisha. Tangu siku hiyo sentensi ikawa ufunguo.

Nilimuuliza alijuaje. Alijibu kwamba naye alikuwa na za kwake. Hadi leo, akichoka sana, kichwani hupita tangazo moja la redio la utotoni, neno kwa neno, na akilisikia anajua muda wa kulala umefika.

Tulipoipitia akiba ya mtoto pamoja na mama, sentensi 14 kati ya 23 zilipata maana. Mtaalamu wa matamshi, ambaye mwanzoni hakushawishika, alianza kuitikia "gari limefika" kwa kumwondoa mtoto pale alipo mara moja. Ndani ya mwezi shule iliona kwamba mtoto akisikilizwa kwenye sentensi hiyo hafiki kwenye kujigonga.

Mpango wa pili: karatasi mbili

Safari hii tulikaa na karatasi mbili mezani, moja ya mwili wa mtoto, nyingine ya mwili wa mama. Kikao kilikuwa cha dakika 40, taa zimezimwa dirisha liko wazi, ajenda aliipata siku tatu kabla. Alikuja na majibu yameandikwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi kwenye karatasi na mgumu moyoni: atakayeziba masikio ni mama. Aliukataa kabisa. Mama mwenye masikio yaliyozibwa, alisema, ni mama aliyemtupa mtoto. Tukatafuta viziba masikio vinavyopunguza kelele bila kuifuta, kisha tukafanya jaribio. Alikaa chumba kimoja amevivaa, mimi nikasimama chumba cha pili nikaita kwa sauti ya kawaida, nikaangusha kitu, nikagonga mlango. Alisikia vyote. Wiki ya kwanza alivivaa bibi akiwepo, kwa tahadhari. Baadaye akawa anavivaa hata akiwa peke yake na mtoto.

Pili, mtoto apewe kelele kabla hajaanza kuidai. Jedwali lilishatuonyesha saa, kwa hiyo kila siku saa kumi na robo alianza nusu saa ya kazi nzito: kusukuma sanduku lililojaa vitu, kuruka juu ya godoro, kukandamizwa kwa mto, kisha beseni la bati na vifuniko vyote viteremke kabatini. Chumba cha mwisho, mlango wazi. Bibi alichukua siku nne za wiki, baba siku alizokuwepo, zilizobaki mama.

Kwenye mchezo tulibishana. Nilitaka uso kwa uso ufutwe. Mtaalamu wa matamshi aliogopa kwamba mtoto atakosa lugha. Tulichokubaliana, na nadhani yeye ndiye aliyetuokoa tusiruke upande wa pili, ni mama kukaa bega kwa bega na mtoto, sauti yake mwenyewe ileile isiyopanda wala kushuka, maneno machache yanayofuata kile mtoto anachokishika. Mama alipanga vifuniko kwa kipenyo, mtoto akavizungusha. "Kikubwa. Kinazunguka. Kimelala." Hapo nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu ambalo hakuna aliyemtuma.

Lililotupa kazi kubwa kuliko yote ni suala la mama kuzimika. Kumwambia mtu sauti isimkauke ni sawa na kumwambia asipige chafya, kwa hiyo tulipanga kwa kukubali kwamba itakauka. Akiwepo mtu mzima mwingine, mama ataingia chumbani, ataning'iniza kadi nyekundu mlangoni, na mlango hautafungwa kwa ufunguo kamwe. Akiwa peke yake na mtoto, hatatoka chumba alimo mtoto. Atakaa kwenye kona iliyowekewa godoro, kofia ya sweta kichwani, kadi kifuani. Kwenye simu yake uliandaliwa ujumbe wa kubonyeza mara moja kwenda kwa bibi: "Sauti imekata. Mtoto yuko salama. Njoo ukiweza." Na wa pili: "Sauti imekata. Njoo sasa."

Bibi ilibidi aelezwe kwanza. Mama alimwandikia barua ya kurasa mbili, ingawa nyumba zao hazitengani hata robo saa kwa miguu. Bibi aliisoma mbele yangu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, basi hata baba yako alikuwa hivi." Hakuongeza neno. Kesho yake alikuja saa kumi kamili na beseni lake mwenyewe.

Kuhusu shule tulichukua njia ya katikati. Mama aliogopa kwamba akitaja usonji wake, neno hilo siku moja litatumika kuuliza kama anafaa kulea. Hofu hiyo ina msingi, na sikumshinikiza. Barua ilisema tu kwamba taarifa zote ziletwe kwa maandishi, na kwamba uso wake mlangoni usichukuliwe kuwa ndiyo hali yake.

Matokeo

Mwishoni mwa mwezi wa tisa milipuko ilikuwa imeshuka kutoka kama 11 kwa wiki hadi 3. Kujigonga kichwa kulitokea mara mbili tu katika miezi mitatu ya mwisho, zote siku ambazo nusu saa ya kelele ilirukwa. Sauti ya mama, iliyokuwa ikikata karibu kila wiki, ilikata mara mbili katika kipindi hicho. Ujumbe wa kwanza ulitumwa mara zote mbili. Ule wa pili haujawahi kutumwa.

Kadi nyekundu ilitusumbua. Tuliibandika kwa gundi ya karatasi, mtoto akagundua kwamba ikibanduliwa inatoa mlio mtamu, na kwa wiki tatu kazi yake ikawa kubandua. Tulipoifunga kwa kamba ilitulia. Likizo ya shule nayo ilivunja kila kitu kwa siku 12, kwa sababu jedwali letu lote lilijengwa juu ya saa ambayo mtoto anarudi kutoka shule, na likizo haina saa hiyo. Usingizi wa mtoto haukubadilika hata kidogo. Shule, pamoja na barua, iliendelea kupiga simu. Na mama alipunguza kazi yake kwa nusu, jambo ambalo kwenye ripoti yetu ya robo mwaka lilionekana kama mafanikio, wakati yeye alilihesabu kuwa hasara.

Kuvuma hakukupungua. Hatukupanga kupungue.

Uchambuzi

Nianze na sentensi yangu ya kwenye faili, maana ina ukoo mrefu. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji, aliandika kwamba wazazi wenye bashasha ya moyo walikuwa wachache katika kundi lile. Baadaye wazo hilo likakua likawa shutuma ya kwamba mama baridi ndiye anayesababisha usonji, na mwanasaikolojia Bruno Bettelheim akalieneza kwa kitabu mwaka 1967. Leo hakuna mtaalamu makini anayelishika. Lakini mazoea ya kuusoma uso wa mama kama kipimo cha mapenzi hayakufa, yalihamia kwenye fomu.

Katika makala hiyohiyo ya Kanner kuna jambo jingine ninalolifikiria sana tangu kisa hiki. Mtoto wake wa kwanza, Donald, alimfikia akitanguliwa na barua ya baba yake yenye kurasa 33 zilizopigwa chapa, zimejaa undani wa kila namna. Kanner aliuona undani ule kuwa wa kupita kiasi. Hata hivyo barua ndiyo iliyompa sehemu kubwa ya alichokijua kuhusu utoto wa Donald. Jedwali la siku 19 ni la ukoo huo. Sisi tulilipata kwa bahati, baada ya mama kuanguka, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mapema, "Wewe hueleza mambo kwa njia gani?"

Jambo la pili ni kufanana. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia ambaye naye ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili, si upungufu wa upande mmoja. Mwaka 2020 watafiti walijaribu kupitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo ya watu wazima: mnyororo wa wenye usonji watupu uliihifadhi hadithi vizuri sawa na mnyororo wa wasio nao, ila ule wa mchanganyiko ukaipoteza haraka. "Gari limefika" naliona katika mwanga huo.

Lakini majaribio yale yalihusu maneno yanayopita kati ya watu wazima. Hayasemi kwamba masikio ya mama na ya mtoto wake yanasikia sawa. Mama alimjua mwanawe kwa ndani pale alipomsikiliza, na akampoteza pale alipojitazama yeye badala yake. Baadhi ya wenzangu, wakisikia kisa hiki, hurukia kusema kwamba mzazi mwenye usonji ndiye mlezi bora wa mtoto mwenye usonji. Wengine husema kinyume. Naona wote wanaepa kazi ya kuchosha ya kuuliza mwili huu unataka nini, saa ngapi, na unagongana wapi na mwili ule.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ulilinganisha akina mama 355 wenye usonji na 132 wasio nao. Wenye usonji walisema zaidi kuliko wenzao kwamba wataalamu huwaelewa vibaya, kwamba kuna nyakati wanashindwa kuongea, na kwamba hawajui ni mambo gani yanafaa kumweleza mtaalamu. Walisema pia kwamba waliweza kutanguliza mahitaji ya mtoto. Ningekuwa na matokeo hayo mezani siku ya kwanza, vikao 70 visivyorukwa hata kimoja vingenitia wasiwasi badala ya kunifurahisha. Mtu anayetekeleza kila agizo huku akizama haonekani kwenye jedwali la mahudhurio. Sasa huwa nawauliza wazazi swali ambalo zamani nililiona ni la kuwakatisha tamaa: katika haya tuliyokubaliana, lipi litakumaliza?

Lililofanya kazi zaidi, kwa tathmini yangu, si nusu saa ya kelele wala viziba masikio. Ni kuhamia kwenye maandishi, kwa sababu bila hayo safu ya nne isingetufikia. Lililobaki dhaifu ni kwamba mpango wote umesimama juu ya mabega ya bibi. Akiugua wiki moja tu, hatuna mtu wa kubonyezewa ujumbe wa pili. Tulilijadili mara tatu na hatukupata jibu.

Faili

Kwenye kikao cha mwisho mama aliomba sentensi yangu ya siku ya kwanza ifutwe. Taratibu zetu haziruhusu kufuta, zinaruhusu kuongeza. Niliandika nyongeza yenye tarehe: kwamba kikao kile kiliendeshwa kwa namna isiyomfaa mama, kwamba uso wake haukupaswa kuchukuliwa kuwa ushahidi, na kwamba mtoto alikaa kikao kizima, dakika 50, ameegemea miguu ya mama yake. Nikamtumia aipitie kabla sijaiweka.

Aliirudisha jioni ileile, na sahihisho moja. Zilikuwa dakika 47. Tatu za mwanzo mtoto alikuwa chini ya meza.